Shafii Alivyouza Huruma Chuoni

Shafii Nangwanda alikuwa anakunywa chai nje ya Chuo cha Uuguzi Pwani Njema, pale Ufukoni, aliposikia sauti ya pesa. Masikio ya mtu mwingine yangesikia ugomvi tu. Mwanamke mmoja aitwaye Mwanahamisi, aliyekuja kutoka Nanyamba na mama yake mgonjwa, alikuwa amesimama kwenye ngazi za zahanati ya chuo akimfokea mkurugenzi.

"Mama'ngu kasema tumbo linamuuma. Huyu nesi wako kanjibu nini? Eti, 'Bibi, unaumwa au unatangaza?' Ndiyo dawa mnayofundisha hiyo?"

Nesi mwenyewe, mwanafunzi wa mwaka wa pili aitwaye Nasra, alikuwa nyuma ya mkurugenzi akichezea simu, wala hakuinua macho. Mkurugenzi Faraji Chilumba, mtu mnene wa suti ya kijivu, alitabasamu huku jasho likimtiririka. Mwezi uliofuata alitarajia wageni wa shirika la wafadhili, waliotaka kuona chuo kinawafundishaje wanafunzi kuongea na wagonjwa. Chuo hakikuwa kinafundisha. Mwalimu wa somo hilo alikuwa ameachishwa kazi ili ofisi ya mkurugenzi ipate kiyoyozi. Habari hizi zote Shafii alizipata kwa muuza chai, kwa gharama ya andazi.

Ni haki tumtambulishe Shafii. Enzi za vuguvugu la gesi, Mtwara nzima ilipokuwa inasubiri ajira, yeye aliendesha kozi ya siku moja ya usalama wa mabomba, akagawa kofia ngumu za njano, kisha akapotea na ada. Kofia zenyewe zilikuwa imara, hilo lazima tumpe. Ziko nyumba ambazo mpaka leo wanazitumia kuchotea maji.

Alasiri ile ile aliingia ofisi ya mkurugenzi akiwa amevaa miwani isiyo na nguvu yoyote.

"Mkurugenzi, chuo chako kina tatizo la huruma," alisema kwa upole wa daktari anayetoa majibu mabaya.

"Nani kakwambia?"

"Wagonjwa. Lakini usihangaike. Huko duniani huruma haifundishwi tena kwa ubao na chaki. Inafundishwa kwa gemu. Mwanafunzi anakaa na kompyuta, anakutana na mgonjwa wa kwenye kioo, anachagua maneno ya kumwambia. Akikosea anarudia. Hakuna anayekufa, hakuna anayekuja kukufokea kwenye ngazi."

Faraji alijiegemeza kitini. "Na mwalimu?"

"Hahitajiki."

Macho ya mkurugenzi yaling'aa. "Na wanafunzi naweza kuwatoza ada ya teknolojia?"

"Mkurugenzi," Shafii alisema, mkono kifuani, "usipowatoza hawataliheshimu."

Wakapeana mikono. Nusu ya malipo ingetoka siku hiyo, nusu asubuhi ya wageni kabla hawajafika. Shafii alishikilia sana hilo la kabla. Mpango wake ulikuwa mwepesi: kupata kitu chochote chenye picha zinazosogea, kukionyesha, kisha kuwahi basi la Tunduru.

Kitu chenye picha alikwenda kukitafuta sokoni, kwenye kibanda cha Ines. Ines alikuwa binti wa Kilambo, wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji kabla hajazaliwa. Alitengeneza simu kwa kujipatia riziki, na kwa kujifurahisha alitunga magemu madogo ambayo vijana wa mtaa waliyacheza wakisubiri simu zao.

"Nataka gemu la kufundisha huruma," Shafii alimwambia. "Liwe na nesi, mgonjwa, na muziki. Ndani yake weka chochote."

"Huruma unaijua wewe?"

"Nimeiuza mara nyingi sana. Tutalipana kazi ikiisha."

Ines angeweza kumpa chochote, kama alivyoagizwa. Lakini lile neno huruma lilimgusa pabaya. Mama yake aliwahi kuugua, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Kila maumivu yake aliyaita tumbo, kwa kuwa ndilo neno alilolijua. Akapewa dawa za tumbo miezi mitatu. Ugonjwa ulikuwa kifuani, na siku mtu alipotulia kumsikiliza hadi mwisho, muda ulikuwa umekwisha.

Kwa hiyo Ines alifanya kazi kama anayegombana na mtu. Gemu lake lilikuwa na mwanamke mmoja tu, ameketi kwenye benchi la zahanati, kitenge kiunoni. Ukimuuliza haraka haraka, anajibu "tumbo" na kuinamisha kichwa. Ukimkaripia, anafunga kitenge chake, anaondoka, na kwenye kioo yanatokea maneno: MGONJWA AMEONDOKA. Ukimsalimia vizuri anainua uso. Na kulikuwa na kitufe kimoja kilichowatoa jasho wachezaji wote, kimeandikwa NYAMAZA. Ukikibonyeza, hakuna kinachotokea. Ni wewe na yule mama, mnatazamana. Ukivumilia, anaanza kusema.

Shafii alilijaribu mara moja, mgonjwa akaondoka, akalipeleka chuoni hivyo hivyo.

Wanafunzi mwanzoni walicheka. Nasra alicheka kuliko wote, akamkaripia yule mama wa kwenye kioo kwa makusudi ili amwone anavyoondoka. Siku za mwanzo alimwondosha kila alipokaa. Kisha likamkera. Nasra hakuwa mtu wa kushindwa na kompyuta. Akaanza kumsalimia, akaanza kumsubiri, na mchana mmoja wenzake walimkuta ameketi kimya mbele ya kioo, mama anasimulia kifua chake, Nasra anafuta machozi kwa mkono wa sare.

"Vumbi," alisema.

Siku ya wageni ilifika. Shafii alishapokea nusu yake ya pili, ameisokomeza kwenye begi jeusi alilolikumbatia kama mtoto mchanga. Nasra alicheza mbele ya wafadhili, mama akasema yote, wageni wakapiga makofi. Hapo ndipo Faraji, aliyenogewa na makofi yasiyo yake, alipotaka kuonyesha kwamba naye anaweza.

"Mama, unaumwa nini? Sema upesi, watu wengi!"

MGONJWA AMEONDOKA.

Akarudia. Akaondoka tena. Mara ya tatu mkurugenzi alipiga meza. "Rudi hapa! Unanijua mimi ni nani?"

Mgonjwa hakuwa anamjua. Mgeni mmoja alikohoa ndani ya leso kwa muda mrefu kuliko kikohozi kinavyostahili.

Faraji, akitafuta mtu wa kumtupia aibu, akamshika Shafii mkono. "Mtaalamu wetu atawaeleza kinaganaga. Tena kesho anakwenda na nyinyi Lindi, mkazungumze na vyuo vya huko!"

Shafii aliangalia saa. Basi lilikuwa linakaribia kuondoka. Akafanya alichokuwa akikifanya kila mambo yalipobana: akashika tumbo, akajikunja, akaguna. "Samahani... nitafutieni bodaboda niwahi hospitali."

"Hospitali?" Faraji aling'aka, huku wageni wakitazama. "Ndugu yangu, uko kwenye chuo cha afya!"

Kabla Shafii hajapata jibu, wanafunzi walishambeba na kumlaza kwenye kitanda cha mazoezi, begi lake kifuani. Nasra akavuta pazia, akavuta kiti, akaketi macho yao yakawa usawa mmoja. Simu akaitia mfukoni.

"Pole sana, kaka Shafii. Niambie, nini kinakusumbua?"

"Tumbo."

Nasra akaitikia kwa kichwa. Akanyamaza.

Shafii alikuwa amewashinda askari, mahakimu wa mahakama za mwanzo na wakwe wawili, lakini wote hao walikuwa wanaongea. Ukimpa neno alijua kulipindua. Huyu binti hakumpa neno lolote. Alimtazama tu, bila hasira wala haraka, kama vile siku nzima ilikuwa ya Shafii peke yake.

"Siyo tumbo sana," alisema Shafii.

Kimya.

"Ni basi. Naliwahi basi." Akashangaa kusikia sauti yake mwenyewe ikiendelea. Akamsimulia habari za begi. Akasema Ines hajalipwa hata kidogo na hakukusudia kumlipa. Akasema hajaulizwa hali yake na mtu asiyemdai tangu mama yake afariki. Akaingia kwenye habari za msimu uliopita wa korosho, alipopita vijijini Nanyamba akiwauzia wakulima salfa ya kupulizia mikorosho, kumbe ulikuwa unga wa mahindi uliotiwa rangi ya njano.

Uso wa Nasra ulibadilika kidogo. Baba yake alikuwa na mikorosho Nanyamba. Msimu ule ilizaa majani, na mzee aliuza baiskeli ili binti arudi chuoni. Akaushika ukingo wa kiti kwa nguvu. Lakini akanyamaza hadi Shafii alipomaliza na kubaki anavuta makamasi.

"Asante kwa kuniambia," Nasra alisema taratibu. "Unajua siri ya mgonjwa sisi hatuitoi."

"Mungu akubariki, dada."

"Ila nimekupima, kaka. Wewe huumwi."

Akafungua pazia, akampigia simu Ines, aliyemjua kama fundi wa simu yake.

Polisi hawakuitwa, maana Faraji hakutaka mtu aulize ada ya teknolojia ilikwenda wapi. Ines alipofika alichukua malipo yake kutoka kwenye begi, Nasra akachukua ya baiskeli ya baba yake, na zilizobaki zikarudishwa kwa wanafunzi, wafadhili wakishuhudia na mkurugenzi akitabasamu kama mtu aliyekanyaga mwiba. Wafadhili walimwajiri Ines aongeze wagonjwa wengine kwenye gemu. Walitaka pia mwalimu aliyeachishwa arudishwe, wakasema kiyoyozi kinaweza kusubiri.

Ines ndiye aliyetoa wazo la mwisho. Baada ya gemu, alisema, wanafunzi wanahitaji mgonjwa wa nyama na damu, anayejua kuficha. Hapa Mtwara hakuna anayejua kuficha kumshinda Shafii.

Sasa kila Jumanne Shafii hulala kwenye kitanda kile akidanganya kwa ujira halali, na sehemu ya ujira huo huenda kwa wakulima wa Nanyamba. Kazi yake ni kuficha ugonjwa aliopangiwa. Wanafunzi huvuta kiti, humpa pole, hunyamaza. Wanasema kazi haiwezi kabisa: wengine hata kabla hawajamuuliza jina, wanamkuta ameshaanza kulia na kuwaeleza mambo ambayo hayakupangwa.