Ombi la Shahada kwa Mlinzi Aliyehudhuria Kila Kipindi

Kwa Mkuu wa Idara ya Sayansi ya Kompyuta,

Shikamoo mwalimu, na pole na kazi ya kusahihisha. Ni mimi mlinzi wa geti la jengo lako, yule unayemsalimia kila asubuhi bila kumtazama. Siandiki kwa ubaya. Nimevumilia, nimemeza, sasa maji yamenifika shingoni.

1. Muhula uliopita vijana wanne wa mwaka wa mwisho, wakiongozwa na yule mrefu wanayemwita Antena, walikuja kuniomba sura. Mradi wao wa kumalizia masomo ulikuwa kamera ya mlango wa maabara: imtambue mwanafunzi, imfungulie, imwandike kwamba amehudhuria. Zilitakiwa picha za darasa zima, watu sitini na wawili. Wenzao hawakutokea. Basi wakanipiga picha mimi mara sitini na mbili: na kofia, bila kofia, na miwani ya Antena, na kilemba cha dada wa usafi, ndevu zangu zilezile chini ya kila kimoja. Kila picha wakaipa jina la mwanafunzi mmoja. Walisema ni ya majaribio tu, watabadilisha. Wapi!

2. Tangu kamera ifungwe, mlango haumfungulii mtu isipokuwa mimi. Darasa zima husimama nje, wewe mwenyewe ukiwemo na begi lako, mpaka niache geti nije nitoe uso. Kutoka nako ni hivyohivyo, kwa hiyo inanibidi nikae ndani mpaka kipindi kiishe. Siku ile ulipouliza swali darasa likanyamaza, jibu nilikuwa nalo. Nililimeza kwa heshima, na mpaka leo linaniuma.

3. Wiki jana msimamizi wangu alinipa barua ya onyo kwa kuacha geti mara arobaini na moja. Nilipokana, alinionyesha orodha yenu ya mahudhurio, kila jina na picha yangu. Onyo la pili nafukuzwa kazi. Nina watoto watatu, na mama mkwe ambaye tangu harusi anasubiri siku hiyo.

4. Nikakaa nikafikiri. Antena na wenzake mmewapa alama za juu kabisa, kwa maelezo kwamba kila mtu aliyefunguliwa mlango alitambuliwa bila kosa hata moja. Kama mashine haikosei, mimi ni mwanafunzi. Na kwa kuwa orodha nzima ina sura moja, mimi ndiye mwanafunzi pekee mliye naye. Hao wengine sijui wanafuata nini humo.

5. Kwa hiyo naomba shahada. Kwa haki ningedai sitini na mbili, lakini sina tamaa, moja yatosha. Nipeni ile ya Antena, kwani miwani yake tumevaa wote. Nikiwa nayo mkononi, msimamizi ataona haya kumfukuza msomi kwa kosa la kwenda darasani.

Wasalimie walimu wote, karani wa mitihani, dada wa usafi, na wale sitini na wawili wanaonisubiri mlangoni.

Wako mtiifu, na mwanafunzi wako pekee,
Mlinzi wa geti.

Tanbihi: Barua hii nimeichapa humu maabara asubuhi hii. Nilipomaliza nikanyoa ndevu, nipendeze kwenye picha ya mahafali. Sasa mlango unakataa kunifungulia nitoke. Kamera yake imeandika kwamba mimi ni mtu asiyejulikana. Mashine hii ni ya uongo mtupu, mwalimu, msiisadiki kwa lolote ililowahi kusema juu yangu. Nakupenyezea barua chini ya mlango. Shahada mpe Antena, mimi niache niwe mlinzi. Ila njoo na fundi mwenye bisibisi kabla ya saa mbili, msimamizi hajapita getini. Ndevu zangu huchukua wiki tatu kuota.