Hadhi ya Kazi Baada ya Saa za Kazi

Jumapili, 3 Februari

Mzee Shaarawi amestaafu. Kiti cha mkuu wa masjala kiko wazi. Tunaokitaka ni wawili: mimi, Wajdi Basiuni, mwenye miaka kumi na tisa katika ofisi hii ya umwagiliaji, na Hilmi Zanati, mwenye miaka kumi na tisa na tabasamu. Tabasamu si sifa ya kazi, lakini watu hawajui hilo. Kila asubuhi anakuja na mikate ya ful, yale maharage ya kupondwa, kwa chumba kizima. Mimi pia nakula. Kukataa kungeonekana kinyongo.

Jioni mke wangu Insaf amerudi na habari kutoka saluni. Hilmi hupiga dumbaki kwenye maharusi siku za Alhamisi. Mtumishi wa serikali, na ngoma kwapani, nyuma ya mwanamke anayekata kiuno. Niliiacha supu ya dengu nikaenda kuchukua kitabu cha kanuni. Kifungu kipo: mtumishi atalinda hadhi ya kazi yake, ndani na nje ya saa za kazi. Sijawahi kuipenda sentensi ya serikali namna hii. Insaf akauliza kama dengu haikuiva.

Jumatatu, 4 Februari

Nimekwenda kitengo cha sheria kumwona Ustadha Rajaa, anayechunguza mambo ya nidhamu. Nilimwuliza kwa niaba ya rafiki. Akasema kupiga ngoma si kosa. Kosa ni kupigana mbele za watu, kulewa barabarani, kunyanyasa majirani, jambo lolote linalomfanya raia aionee aibu ofisi. Halafu akavua miwani.

"Tai inavuliwa, Ustadh Wajdi. Utumishi hauvuliwi. Mwambie rafiki yako."

Nikamwambia rafiki yangu atafurahi sana kusikia.

Ngoma si kosa? Basi iwe kosa. Mchana nimeandika rasimu ya waraka: mtumishi yeyote atakayeonekana juu ya jukwaa la harusi atahojiwa, wala hatasikilizwa akidai kwamba alikuwa nje ya saa za kazi. Nimempelekea mkurugenzi, Mhandisi Fikri. Alikuwa kwenye simu na daktari wake wa meno. Akatia sahihi bila kushusha simu. Utawala bora.

Jumatano, 6 Februari

Waraka umebandikwa ukutani. Hilmi ameusoma kwa sauti mbele ya chumba kizima, akaniuliza mimi, kama mtu anayezijua kanuni, ikiwa kupiga makofi kunaruhusiwa. Nikamjibu kwamba kupiga makofi ukiwa umeketi hakuna ubaya. Tangu saa hiyo, kila nikipita, chumba kizima kinanipigia makofi kikiwa kimeketi.

Wacheke tu. Kesho ana harusi, nyuma ya kituo cha treni. Nitakuwepo, na simu yangu itakuwepo.

Ijumaa, 8 Februari

Naandika nikiwa nimelala upande wa kulia. Wa kushoto haulaliki.

Jana baada ya magharibi nilikwenda. Niliazima kanzu ya shemeji yangu na skafu ya sufu, nikajifunga mpaka puani. Mtaa wote ulikuwa umezibwa kwa hema. Taa, viti, moshi wa maini ya kukaanga. Hakuna aliyeniuliza mwaliko. Upande wa bibi harusi walidhani natoka kwa bwana harusi, na upande wa bwana harusi hivyo hivyo. Haji Maamun, mjomba wa bibi harusi, alinikalisha mwenyewe akanipa sahani ya maini. Mazuri sana. Nayataja kwa sababu nataka kuwa mkweli.

Hilmi alikuwa jukwaani na dumbaki lake. Mwanamke wa kukata kiuno hakuwepo. Kulikuwa na mpiga filimbi tu, mzee. Hata hivyo waraka ni waraka. Tatizo ni kwamba mbele yangu walikaa watu wanene. Nikapanda juu ya kiti. Kiti kilikuwa ukingoni mwa jukwaa, na mguu wake mmoja ulikuwa wa kupachikwa.

Nikaangukia jukwaani.

Watu wakageuka wote. Nikawaza haraka. Mtu aliyelala jukwaani anatiliwa shaka. Mtu anayecheza hatiliwi shaka. Nikainuka nikacheza. Bwana mmoja akanirushia fimbo ya kuchezea, nikaidaka. Mshereheshaji akatangaza kwenye kipaza sauti: salamu kwa shujaa mwenye skafu kutoka kwao bwana harusi! Vigelegele. Nakiri kwamba kwa muda mfupi mambo yalikuwa yananiendea vizuri.

Kisha babake bwana harusi akasema shujaa huyu si wa kwao. Haji Maamun akasema wala si wa kwetu. Mwanamke mmoja akasema ameniona na simu, nawapiga picha binti zao. Hapo makofi yakanyamaza. Mtu akaivuta skafu. Mwingine akanizaba kibao. Nikajitetea kwa fimbo. Nilimlenga aliyenizaba, lakini aliinama, na nyuma yake alikuwa bwana harusi. Ikampata puani.

Yaliyofuata upande wangu wa kushoto unayajua.

Hilmi aliruka kutoka jukwaani akanikinga kwa mwili wake. "Mwacheni, jamani!" akapaza sauti. "Huyu ni mwenzangu, tuko ofisi moja ya umwagiliaji!"

Wakaniacha. Mtu mmoja akasema ndiyo maana maji hayafiki mashambani.

Naomba ieleweke: mpaka dakika ile nilikuwa mwananchi tu mwenye skafu. Hilmi ndiye aliyeiingiza ofisi ndani ya ugomvi.

Jumamosi, 9 Februari

Video inazunguka mji mzima. Dada yake Insaf ameiona, kinyozi ameiona, imamu ameiona na amenisalimia kwa upole wa kutia wasiwasi. Wameiandikia: Mhandisi wa Mifereji Afungulia Mkondo. Mimi si mhandisi. Kosa la wazi, lakini hakuna wa kulisahihisha.

Insaf aliitazama mpaka mwisho. Nilitarajia kelele. Akakaa kitandani, akaikunja kanzu ya kaka yake iliyochanika, akauliza taratibu, "Wakikufukuza, Abu Shaimaa, tutafanya nini?"

Binti yetu Shaimaa anaolewa kiangazi, na wakwe zake wanapenda kutaja kwamba baba yake ni mtu wa serikali. Nikamwambia hawafukuzi mtu kwa ngoma. Akasema si ngoma, ni pua.

Jumapili, 10 Februari

Haji Maamun amepeleka malalamiko. Nimeitwa kitengo cha sheria saa ya chai, wakati ambapo kila mtu yuko kwenye korido.

Nilikuwa nimejiandaa. Nikamweleza Ustadha Rajaa kwamba ofisi ina mamlaka juu yangu mpaka saa nane mchana. Baada ya hapo mimi ni raia. Maisha ya raia ni sitara yake. Anayemfuata mtu mpaka kwenye harusi kuchungulia anachofanya anaivunja heshima ya nyumba za watu. Nilisema kwa hisia. Sauti yangu ilitetemeka pale panapostahili.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanisomea waraka, polepole, pamoja na ile sehemu ya kutosikilizwa. Akauliza nani aliuandika.

Nikasema uandishi wake ulikuwa wa haraka.

Akaandika jibu langu kama lilivyo. Kisha akaniuliza nilikwenda kufanya nini kwenye harusi ya watu nisiowajua, na simu mkononi. Nikaomba maji. Akasema atanipa muda mpaka Jumanne, na kwamba shtaka la kupiga picha wanawake likisimama, hataweza kunisaidia. Nitapelekwa mahakama ya nidhamu.

Sikula chakula cha jioni. Insaf pia hakula.

Jumanne, 12 Februari

Nimekwenda nikiwa sina la kusema. Nimemkuta Hilmi ameketi mle ndani, na kando yake Haji Maamun, mikono juu ya bakora.

Hilmi ndiye aliyezungumza. Alisema yeye ndiye aliyenialika. Kwamba mama yake ni mgonjwa, hawezi kutoka, na hajapata kumwona mwanawe akipiga ngoma. Hivyo aliniomba mimi, rafiki yake, nimpigie video. Kwamba nilipanda kiti kwa ajili hiyo. Kwamba kucheza alinivuta yeye. Skafu? Nina mafua, alisema. Kwa hiyo kama kuna wa kuadhibiwa, ni yeye aliyemleta mgeni bila kuwaarifu wenyeji.

Ustadha Rajaa akaniomba simu yangu. Akaifungua. Kwenye video yangu hakuna binti yeyote. Kuna mgongo wa mtu mnene, dumbaki, halafu dari ya hema, halafu giza. Akaniuliza kama maneno ya Hilmi ni kweli.

Nikasema nina mafua.

Haji Maamun akasema kumbe kijana alikuwa anamfanyia hisani mama wa mwenzake. Akayafuta malalamiko palepale, akataka tu nikamwombe radhi bwana harusi. Nitakwenda. Pua si kubwa kama wanavyosema.

Koridoni nilitaka kumwuliza Hilmi anataka nini kwangu. Akanitangulia kusema.

"Ungeniambia tu, Ustadh Wajdi. Ningekualika."

Nikapenga kamasi kwenye leso. Pengine kweli nina mafua.

Jumapili, 17 Februari

Uamuzi umetoka. Ugomvi hadharani: onyo, litawekwa kwenye jalada langu. Mahakama hakuna. Insaf alilia kwa furaha, akapika bata. Waraka umebanduliwa, Mhandisi Fikri anasema hakumbuki kuutia sahihi, na namwamini.

Mtu mwenye onyo hapandi cheo mwaka huo. Hilmi Zanati ndiye mkuu wa masjala.

Ofisi nzima imempigia makofi. Wamesimama.

Jumatatu, 18 Februari

Siku ya kwanza ya utawala wa Hilmi. Amekuja na ful kama kawaida. Ameniondoa mlangoni kwenye upepo, akaniweka dirishani kwenye jua, akasema ni kwa ajili ya mafua yangu. Wenzangu wamesema ana moyo. Nimemwambia ahsante, mkuu. Akasema niache mambo ya mkuu, yeye ni Hilmi tu.

Jua la dirishani ni zuri. Linamsaidia mtu kufikiri.

Nimefikiri hivi. Mama yake Hilmi si mgonjwa. Nilimwona sokoni wiki iliyopita akigombana na muuza kabichi, na akashinda. Kwa hiyo Hilmi ametoa ushahidi wa uongo mbele ya mchunguzi. Tena si nje ya saa za kazi: saa nne asubuhi, ndani ya jengo la serikali. Hakuna kanuni inayoruhusu hilo. Mtu wa namna hiyo anakaaje kwenye kiti cha mkuu wa masjala?

Insaf ameniona na kalamu akauliza naandika nini. Nikamwambia barua ya shukrani. Akaniwekea chai, akasema hatimaye.

Kesho mapema nitamwona Ustadha Rajaa. Safari hii hawezi kuniambia kwamba si kosa. Ushahidi ninao kamili, na shahidi ni mimi mwenyewe: nilikuwepo, na ninajua kabisa kwamba sikualikwa.