Pingamizi la Mjomba Dhidi ya Karamu ya Mizuka

Mbaraka Shemndolwa,
Mwalimu Mstaafu,
Lushoto.

Kwa Bibi Rukia,
Mwenyekiti wa Kikao cha Ukoo,
Vuga.

YAH: KUOMBA KARAMU YA MIZUKA ISIRUDIWE NYUMBANI KWA DADA YANGU, TATU

Mama yangu mdogo, shikamoo. Nanyi wakubwa wote mlioketi mkekani, shikamooni. Wadogo, shikamoo zenu nazipokea hata kama hamjazitoa.

Nimemwomba katibu wetu, kijana Jafari, aisome barua hii kwa sauti na bila haraka, akipumua penye mkato, kwa sababu nimeiandika kwa uchungu na kwa kalamu nzuri. Nimesikia kwamba leo mtajadili ombi la mpwa wangu Rahma, binti wa Tatu, la kufanya tena mwishoni mwa Oktoba hii karamu aliyotufanyia mwaka jana. Naomba ombi hilo likataliwe. Mimi ni mjomba wake pekee, na kikao hakiwezi kuamua jambo la Rahma kana kwamba sipo.

Kwa faida ya ambao hawakuwapo: Rahma alirudi kutoka Arusha, alikokuwa mpishi wa hoteli, akatueleza kwamba ziko nchi ambazo majani yakianza kupukutika watu hujivika sura za kutisha, huchonga maboga na hula kwa furaha. Chakula alichotuchagulia ni cha watu wa Meksiko: chapati ndogo ya unga wa mahindi, hukunjwa katikati na kujazwa nyama, maharage, kachumbari na parachichi lililopondwa. Jina lake ni taco. Jafari, neno hilo usilitamke; wakwe wapo. Kuanzia hapa nitakiita chakula husika.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kuhusu majani. Lushoto hatuna msimu wa majani kupukutika. Mwezi wa Oktoba sisi tunangoja mvua za vuli tupande maharage. Rahma, alipoona miti haimsaidii, alikwea mparachichi, akayapukutisha majani mwenyewe, akayamwaga uani ambako mama yake alikuwa ametoka kufagia. Tatu alifagia tena. Rahma akamwaga tena. Hadi alasiri mama na binti walikuwa wamemaliza kazi ya msimu mzima wa Ulaya.

2. Kuhusu boga. Lilichongwa macho, pua na meno, likawashiwa mshumaa ndani, likawekwa juu ya nguzo ya lango. Sina ugomvi na boga kuwa na sura. Ugomvi wangu ni kwamba lilikuwa na sura yangu. Rahma anakana, lakini lile pengo la jino la mbele halikuja kwa bahati. Jioni ukungu uliposhuka, Salama, mtoto wa jirani aliyekuwa ametumwa chumvi, alilipigia boga goti akasema, shikamoo mjomba. Ni mtoto mwenye adabu: hakuondoka, alisubiri kuitikiwa. Aliyeitikia marahaba, kutoka nyuma ya ukuta, ni Danieli, mpangaji wa dada yangu, mstaafu wa mashamba ya chai, ambaye si mjomba wa mtu yeyote katika wilaya hii.

3. Kuhusu kidari. Jafari, kunywa maji kwanza.

Katika ukoo wetu mbuzi akichinjwa, kila mtu hukijua kipande chake kabla moto haujawashwa. Figo ni za bibi, shingo ni ya aliyechinja, na kidari ni cha mjomba. Haulizi mtu. Kidari kikitua mbele yangu, hata mgeni asiyenifahamu huelewa kwamba na mimi nimo. Siku ile Tatu alichinja mbuzi mnono, nami nikajituliza kwenye kiti nikiingojea haki yangu. Kumbe Rahma alikwishampeleka mbuzi mzima buchani, akasagwa! Kidari na shingo, paja na mbavu, vyote mashine moja. Akarudi ndani ya sufuria, mwekundu kwa nyanya na pilipili, hana tena kiungo hata kimoja cha kumtambulisha mtu.

Nilipopata chakula husika nilikikunjua, nikakikagua kwa uma. Nikakutana na jicho. Lilikuwa kipande cha yai la kuchemsha chenye punje ya haragwe katikati, urembo wa mizuka, lakini moyo wangu haukuambiwa mapema. Kidari sikukiona. Nikala, kwa uchunguzi. Nikafuata cha pili, maana huenda kidari kilikuwa humo. Nikafuata cha tatu. Danieli, aliyekaa ubavuni mwangu akitafuna kile kile nilichokuwa nikitafuna mimi, akaniambia kwa Kishambaa chake cha kuazima, "Mghosi, bwana mkubwa, leo tumelingana!" Uwanja mzima ulicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa kinywa kilikuwa kimejaa.

4. Kuhusu foleni. Chakula husika kila mtu hujijazia mwenyewe, kwa hiyo wazee na watoto tulipangwa mstari mmoja, tumejifunika mashuka na kujipaka unga. Nilipokuwa nafuatilia cha nne, mbele yangu alisimama mtu mfupi, amejitanda shuka jeupe gubigubi, mgongo umepinda kidogo. Nikamdhania Mama Mdogo. Nikainama, nikatoa shikamoo ya heshima kamili, na nikaitikiwa marahaba nzito. Shuka lilipofunuliwa, alikuwa Zainabu wa darasa la tatu, aliyepinda mgongo kwa sababu amebeba sahani mbili. Mama Mdogo mwenyewe alikuwa wapi wakati huo, sitasema. Nitasema tu kwamba palikuwa na mzuka mmoja wa umri wa kuheshimika, amejipaka masizi, akicheza juu ya majani na bakuli la kachumbari kichwani, na kwamba mzuka huyo ndiye anayeongoza kikao hiki.

5. Kuhusu hatima yetu. Kidari kimekwisha kusagwa. Mjomba asiye na kidari hana tofauti na mpangaji. Mjomba asiye na tofauti na mpangaji hataitwa posa ikija. Posa isiyo na wa kuipokea haifiki kwenye ndoa, pasipo ndoa hapana watoto, na ukoo usio na watoto hauna kikao. Maana yake, ninyi mnaonisikiliza mko mbioni kutokuwapo, na Jafari anawasomea mikeka.

Mtacheka, nawajua. Lakini mimi sikujaliwa watoto, na Tatu hana kaka mwingine. Kipande kile ndicho kiti changu katika nyumba ile. Nilikitafuta jioni nzima, nikakiona kila kitu isipokuwa hicho.

Kwa hiyo naomba kikao kiamue kwamba karamu isirudiwe. Kwamba mashine ya bucha isimguse tena mbuzi wa ukoo. Na kwamba Danieli airudishe ile marahaba.

Nayaweka haya mbele yenu nikiiamini busara yenu kuliko yangu. Wasalimieni wote wa Vuga, walio shambani na walio jikoni, pamoja na ng'ombe wa Mama Mdogo, ambaye nasikia amezaa salama.

Ni mimi, mjomba anayedai haki yake,
Mbaraka Shemndolwa

Baada ya sahihi: Jafari mwanangu, hapa soma kimoyomoyo. Nilipokuwa nafunga bahasha, Rahma amekuja kunijulia hali. Anasema mwaka huu hakuna atakayetia kitu kinywani kabla mjomba hajakikunja chakula husika kwa mkono wake na kumgawia kila mtu, akianza na wakubwa. Tumefanya majaribio hapa kwangu. Nakunja vizuri kuliko yeye, na amekiri mwenyewe. Kwa hiyo marufuku, ikibidi ipitishwe, ianze kutumika karamu hii ikishapita. Na ya mwakani pia ikishapita, kwa sababu nimewaalika Tobia na Silvano wa Rangwi, niliofundisha nao, na Silvano ameniambia tumbo lake si la kushiba mwaka mmoja. Niombee udhuru kwa kutofika kikaoni: saa hii unaponisoma majaribio yanaendelea, nina unga hadi viwikoni. Usingoje kura. Njoo, na uje na njaa.