Arusi ya Janet na Ukoo wa GT-R

Jumatatu, 1 Desemba 2025. Gede.

Jumamosi dada yangu Janet anaolewa nyumbani Vitengeni. Baba ametutoka, kwa hiyo mimi ndiye nitakayemshika mkono kumwingiza kanisani. Na ndiye nitakayempeleka, kwa gari langu la Skyline! Kamati ilikuwa imemteua Marvin, binamu wa bwana arusi, na Probox yake ya kusambaza mayai. Mayai! Nikasimama nikawaeleza kwa upole kwamba ukoo wa GT-R, zile Skyline za mashindano, ulianza mwaka 1969, na kwamba huko Japani ulishinda mashindano hadi wenzake wakachoka. Mwenyekiti akauliza kama gari langu ndilo hilo. Nikasema ni damu moja. Nikapewa kazi.

Janet alinipigia jioni. Hakupinga. Aliomba tu tuwahi, kwa maana mchungaji ana arusi nyingine Ganze saa saba na hatamngoja mtu. Nimemwapia. Inaniudhi kwamba ilibidi niape.

Jumanne, 2 Desemba.

Malindi, kwa fundi Kazungu. Anachosha huyu mtu. Nimempa nembo ya GT-R niliyoagiza, aibandike nyuma kwa unadhifu. Akasema nembo haiongezi nguvu. Kwani nani kasema inaongeza? Akasema pia kwamba langu ni Skyline ya milango minne, gari la baba wa familia, na kwamba GT-R lilikwishahama nyumba ya Skyline mwaka 2007 likaenda kujitegemea. Najua! Mimi ndiye niliyemfundisha! Nikamjibu kwamba ndugu akihama, aliyebaki bado ni nduguye.

Kisha akafungua boneti, nikatamani asingefungua. Stata, ile mota ya kuwashia injini, inakufa. Ni ile ya mtumba niliyojichagulia mwenyewe kwa sababu ilikuwa inang'aa. Onyo lake: gari likiwa baridi, itashika. Likipata moto nikalizima, haishiki tena mpaka lipoe kabisa. Na kwa kuwa gia ni za otomatiki, hata likisukumwa hadi Garissa haliwaki. Nimemsihi hilo la otomatiki libaki baina yetu. Kamati nimeiambia nabadilisha gia kwa mkono, kama madereva wa mashindano.

Alhamisi, 4 Desemba.

Taa za nyuma zinaninyima usingizi. GT-R halisi lina taa nne za mviringo, zangu ni ndefu ndefu. Nimepata nne za trela, nikazifunga kwa waya na gundi. Mbili zinawaka vizuri. Mbili zinawaka nikipiga honi.

Marvin alipita na mayai yake, akazitazama kwa muda mrefu. Akasema Jumamosi atafuata nyuma yetu, endapo. Endapo nini? Sikumuuliza. Nikamweleza badala yake kwamba baada ya 1973 ukoo wa GT-R ulilala miaka kumi na sita bila gari jipya, na uliporudi mwaka 1989 waliokuwa wakiucheka wakanyamaza. Akasema sawa, kaka, akaenda zake. Hana hata adabu ya kubishana!

Ijumaa, 5 Desemba. Vitengeni.

Limefika! Vumbi hadi masikioni, tumbo limekwaruza chini njia nzima, na taa moja ya trela imebaki huko nyuma. Lakini limefika. Watoto wa jirani tayari wanapapasa nembo. Nimewafukuza mara mbili.

Janet alinikuta nikiipangusa. Akakaa kando yangu.

"Mimi sina haja na gari, kaka," akasema. "Nataka uwe pale mlangoni pa kanisa."

Nikamwambia atapata vyote viwili. Nilimaanisha kwa moyo wangu wote.

Jumamosi, 6 Desemba.

Siku ya aibu. Naandikia ndani ya gari, nyuma ya nyumba.

Asubuhi liliwaka kwa mguso wa kwanza. Janet alikaa nyuma, amependeza hadi nikashindwa kumtazama kwenye kioo. Tukazunguka na akina mama wakiimba, gari likapata moto, tukaelekea njia ya kanisani. Hapo shangazi zetu wakatandaza leso katikati ya njia, kama ilivyo desturi: bibi arusi hapiti mpaka waridhishwe. Zawadi zao nilikuwa nazo kwenye buti. Ningewapa, tungeondoka. Lakini Shangazi Nyevu, mkubwa wao, akainama dirishani akauliza hili linalonguruma hivi ni gari gani.

Aliuliza mwenyewe! Ningefanyaje? Injini ilikuwa inanifunika sauti. Nikaizima.

Nikaanza na Skyline ya kwanza kabisa, mwaka 1957, ili wapate msingi. Nikapita 1969. Nilipofika kwenye usingizi wa miaka kumi na sita, Janet akanigusa bega, akasema muda unakwenda. Nikageuza ufunguo. Kimya. Nikageuza tena. Kimya.

Shangazi Nyevu hakutabasamu.

"Basi limelala tena," akasema. "Na huyu mtoto hana miaka kumi na sita ya kungoja."

Wakavua viatu wakasukuma. Wanawake wazima, ndani ya nguo walizoshonesha kwa ajili ya siku hii! Nilijua haliwezi kuwaka. Lakini ningeanzaje kusema, baada ya ile habari ya gia za mkono? Walilisukuma hadi kwa jirani, kisha hadi kwenye kibanda cha sukari, jasho likiwatiririka, nami nikiwahimiza kutoka dirishani.

Marvin akasimamisha Probox nyuma yetu. Alishusha trei za mayai, akatandika shuka jeupe kwenye kiti. Alikuwa nalo tayari, mjanja yule. Janet akahamia huko, akaniachia mlango wazi.

"Twende, kaka. Liache."

Nikawatazama wale watoto wa jirani waliotufuata, wameanza kuibandua nembo. Nikamwambia watangulie, nakuja sasa hivi.

Aligeuka kunitazama mpaka Probox ikapotelea kwenye vumbi. Moyo uliniuma. Bado unaniuma.

Waliwahi. Mama ndiye aliyemshika mkono. Stata ilipopoa, gari liliwaka kwa mguso mmoja, nikafika kanisani mchungaji akipanda pikipiki kwenda Ganze. Nikapiga honi. Taa zote tatu zikawaka. Hakuna aliyegeuka.

Jumapili, 7 Desemba.

Nimelala vibaya. Nimejihukumu bila huruma. Asubuhi Janet alipiga simu. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba walipopiga picha mlangoni aliacha nafasi upande wake wa kulia, akidhani nitatokea. Nililia. Nikamwahidi kwamba nimejifunza.

Na kweli nimejifunza. Kosa langu lilikuwa kuanzia 1957. Mbali mno! Arusi ya binamu yetu Trizah ni Februari, kule Adu, na kamati yake bado haijapata gari. Nimeshawatumia ujumbe. Safari hii nitaanzia 1989, nimalizie na GT-R la mwisho lililotoka kiwandani Agosti mwaka huu, na watu watatoa machozi. Stata mpya ya nini? Hii imethibitisha kwamba ikipoa inashika. Natafuta taa moja tu ya trela. Na injini nitaizima mapema zaidi, ili nisikike vizuri.