Samaki Wako Wamehamia Mtoni Kwetu

Kwako Ndugu Meneja wa Bwawa,

YAH: SAMAKI WAKO KUHAMA BILA KUTUARIFU

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini hujambo na kiti chako hakijambo. Mimi ni fundi viatu, kibanda changu kiko darajani, chini kidogo ya bwawa lako. Sina kawaida ya kulalamika. Muulize mke wangu. Atakataa, lakini muulize.

Mwaka juzi ulileta samaki kutoka nchi za mbali ili wageni wako wapate kuwavua kwa ndoana siku za mapumziko. Sisi wa huku chini hatukuwa na neno. Mvua zilipozidi mwezi uliopita, bwawa likafurika, na samaki wako wakamiminika juu ya ukuta kama wanafunzi waliosikia kengele ya kwenda nyumbani. Sasa wako kwetu, na malalamiko yangu ni haya:

1. Hawakujitambulisha. Ni samaki wa ndevu, magamba makubwa, mdomo mpana, na tumbo la mtu aliyezoea kukaa meza ya mbele. Jina lake hatulijui, tukamwita Mheshimiwa. Kwa sura ile, hakuna aliyethubutu kumla.

2. Yeye anatula sisi. Mke wangu amekausha na kuuza vidagaa vya mto huu tangu kabla hatujaoana. Ndivyo vilivyomsomesha binti yetu. Mheshimiwa amevimaliza. Wiki tatu sasa wavu unatoka na majani matupu. Mke wangu anarudi, anauanika, anakaa kimya. Ndugu Meneja, huyu si mtu wa kukaa kimya. Nyumba nzima tunanyata.

3. Nilikwenda mwenyewe kumkabili kwa mshipi. Alinivuta nikatumbukia nikiwa na viatu vya mteja miguuni, nilivyokuwa nimevivaa ili vilegee. Mteja ni mwalimu mkuu. Kiatu kimoja kimepatikana.

4. Siku ya pili nilimpata mmoja, nikamleta ofisini kwako ndani ya ndoo, akiwa hai. Afisa wako wa samaki alimtazama, na Mheshimiwa akamtazama afisa.

"Huyu si wetu," akasema afisa.

"Umejuaje, mzee?"

"Wetu hawaruhusiwi kutoka bwawani."

Akanigongea muhuri karatasi ya kuthibitisha kwamba hakuna samaki aliyetoka, kisha akaniuliza kama bado ninamhitaji yule wa kwenye ndoo.

5. Karatasi hiyo nimeisoma mara nyingi. Kama Mheshimiwa hajatoka bwawani, nami namwona kila siku chini ya daraja, basi daraja limo bwawani, na kibanda changu, na nyumba yangu. Kwa hiyo mimi na familia yangu tunastahili kulindwa na askari wako na kulishwa kila asubuhi kama samaki wengine.

Naomba uwaite warudi kabla ya mvua zijazo. Wakishindwa kupanda ukuta, wajengewe ngazi. Kisha uweke wavu wa chuma pale maji yanapomwagikia, na uturudishie vidagaa vyetu, vile vile vyenyewe. Mke wangu anavijua kwa sura.

Wasalimie wote hapo ofisini, pamoja na mpiga muhuri.

Wako aliyelowa,
Fundi Viatu wa Darajani

Nyongeza: Nilikuwa nimeandaa Mheshimiwa mmoja nimwambatishe na barua hii kama ushahidi, lakini nilipokwenda kutafuta kamba, mke wangu kwa hasira akamtia kwenye mafuta. Alimwonja akiwa amesimama. Akavuta kiti. Tangu mchana wateja wa samaki wamejaa mlangoni, na mimi nimeachiwa kazi ya kupara magamba. Kwa hiyo ukuta usiuguse, na wavu tafadhali usiweke. Mke wangu anauliza pia kama humo bwawani wamo wa aina nyingine ambao bado hawajatoroka.