Buletini Moja, Shule Mbili

Jumatatu, 18 Agosti 2025

Zimebaki wiki mbili shule zifunguliwe. Mjukuu wangu Mignonne, miaka kumi na minne, hana shule. Yaani anazo mbili, na hilo ni baya zaidi.

Ya kwanza ni ya Masista. Ukuta wa matofali mekundu, kengele, Kilatini, kimya. Ya pili inaitwa Nyota ya Shaba. Ina umri wa miaka mitatu, basi la manjano, na walimu wanaovaa kofia ngumu za mgodini hata darasani. Huko wanafundisha madini na upimaji wa ardhi. Nilimwuliza mlinzi wao kama wanafundisha Kilatini. Akasema huyo leo hajafika kazini.

Mimi, Polycarpe Kalumba, mkaguzi wa shule mstaafu, nataka Masista. Sababu yangu ni elimu. Na kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu, naongeza: siku ya kugawa zawadi, Masista huweka mbele safu ya viti vyenye mikono kwa ajili ya mababu wa wanafunzi wao. Mimi nimehudhuria miaka kumi na moja nikikaa benchi la nyuma, karibu na ngoma.

Mama Kapinga anataka Nyota ya Shaba. Huyu ndiye mama wa mke wa mwanangu Mbuyu, yaani mkwe wangu. Na mkwe hagombezwi. Hata ukimkuta amekalia kofia yako, unamwuliza kama amekaa vizuri. Kwa hiyo sitabishana naye. Nitatumia akili.

Mwenye kuamua ni Mbuyu, baba yake Mignonne. Atazuru shule zote mbili wiki hii.

Mignonne mwenyewe alisema mezani, bila kuulizwa: "Kambo, miye nataka ile ya mawe." Nikamwambia mke wangu mdogo (kambo, yaani babu, humwita mjukuu wake hivyo, ndio utani wetu) kwamba bwana wake ameshachagua. Akajibu kwamba bwana mwenyewe hana meno ya kutafuna uamuzi huo. Utani una mipaka yake.

Jumanne, 19 Agosti

Asubuhi nilimpelekea Mama Kapinga kuku, pamoja na barua. Niliandika kwamba nimesikia goti linamsumbua, hivyo asijichoshe kuzunguka mashuleni pamoja nasi.

Jioni akaniletea mbuzi. Ujumbe wake: goti linashukuru sana, na Alhamisi litakuja.

Mbuzi amekula nusu ya pazia langu. Tena sasa adabu inanidai kitu kikubwa kuliko mbuzi. Sina ng'ombe.

Lakini nina mpango. Jirani yangu Tshilombo hufanya kazi katika mgodi ulio nyuma ya Nyota ya Shaba. Nilimwuliza, kama mtu anayepiga soga tu, watalipua mwamba siku gani. Alhamisi, akasema, saa saba mchana. Akauliza kwa nini. Nikamjibu kwamba napenda sayansi. Alinitazama kwa muda mrefu.

Mbuyu, tangu utotoni, huogopa vishindo. Tairi likipasuka, yeye huwa ameshafika kanisani. Basi: Alhamisi saa saba tutakuwa Nyota ya Shaba, madirisha yakitetemeka. Ijumaa saa nne asubuhi, kwa Masista, katika utulivu.

Alhamisi, 21 Agosti

Nyota ya Shaba. Prefe wao, yaani mkuu wa shule, anaitwa Jeancy, kijana asiyezidi miaka thelathini. Alitugawia sote kofia ngumu. Yangu ilikuwa ndogo, ikakaa juu ya kichwa kama kifuniko cha sufuria.

Saa sita na nusu ziara ilikuwa imekwisha. Nikairefusha. Niliuliza kuhusu vyoo. Niliomba kuona kila choo. Nikauliza ratiba, ratiba ya mwaka uliopita, na jina la mpishi.

Saa saba kamili nikamshika Mbuyu mkono.

Kimya.

Saa saba na nusu. Kimya. Njiwa alipita uani kwa miguu. Prefe Jeancy akasema kwamba wazazi wengi wanaipenda shule hii kwa utulivu wake. Mama Kapinga, aliyekuwa ameketi kwenye ngazi ya basi akilinyoosha goti lake, aliuliza, kwa heshima ya kuniita baba: "Tata Mkaguzi, uko nangojea mutu?" Nikasema nafurahia hewa.

Mignonne hakuonekana kwa saa nzima. Tulimkuta katika chumba cha mawe, akiyapanga kwa uzito. Prefe akamwachia ile kofia. Yake ilimkaa sawasawa.

Tshilombo yuko zamu ya usiku. Sikumpata nimwulize.

Ijumaa, 22 Agosti

Naandika nikiwa na chokaa masikioni.

Sista Adèle, mkuu wa shule, alitupokea ofisini. Alikuwa akieleza kwamba hapa mtoto husikia mawazo yake mwenyewe. Ilikuwa saa nne na dakika kumi. Ardhi ikaruka. Plasta ya dari ikaangukia kitabu cha wanafunzi, picha ya mwanzilishi ikalala upande, na Mbuyu akaingia chini ya meza. Mimi pia nilikuwa chini ya meza, ili kumtoa.

Tshilombo amenieleza leo mchana kwamba jana mashine ya kutoboa iliharibika, mlipuko ukasogezwa. Aliuliza kama niliipenda sayansi.

Mtu mmoja tu alibaki amesimama: Mignonne, akitazama saa ya ukutani. Alimwambia Sista kwamba ardhi imetetemeka kwanza na sauti imefuata baada ya sekunde sita, kwa hiyo shimo liko kilomita mbili kutoka hapa. Sista Adèle akamwomba arudie hesabu hiyo polepole. Akaiandika.

Mama Kapinga alinipangusa mabega kwa kitenge chake. Pole, Tata, akasema kwa upole, kimya cha hapa kiko na nguvu.

Nilijua nimeshindwa. Lakini jioni Mbuyu akakohoa, akasema: hapa Kolwezi hakuna mahali pasipolipuliwa, basi afadhali mtoto awe mahali pa nidhamu. Atakwenda kwa Masista. Buletini yake, ile ripoti ya alama za mwaka, ipelekwe kabla ya Jumanne jioni, siku ambayo orodha inafungwa.

Nimeshinda!

Mignonne hakula. Nilimwona akiisukuma ile kofia chini ya kitanda kwa mguu, hadi mwisho kabisa, ukutani. Mimi nami nikairudisha nyama yangu sufuriani. Mbuzi wa Mama Kapinga tuliyemchinja ni mgumu.

Jumamosi, 23 Agosti

Siku ya amani. Nimejaribu kukaa katika kiti chenye mikono cha Tshilombo, kwa mazoezi.

Buletini ya Mignonne iko kabatini mwangu, nami ninao ufunguo. Ni tahadhari. Buletini halisi huwa moja tu, na shule inayoipata huifungia. Baada ya hapo mtoto haendi popote. Hii imetoka Musumba, ambako Mbuyu na familia yake waliishi hadi Juni. Karatasi ngumu, muhuri wa zambarau, sahihi nzuri.

Baada ya chakula niliitoa niisome kwa raha zangu. Raha haikudumu. Jumla ya hisabati imeandikwa 71. Nilijumlisha mara nne, mara ya mwisho kwa punje za mahindi. Ni 72. Wamempunja mjukuu wangu alama nzima.

Kwa miaka thelathini na mmoja ya ukaguzi sijaachia jumla ya namna hiyo ipite. Nilichukua rula na kalamu nyekundu. Nikakata 71 kwa mstari mmoja ulionyooka, nikaandika 72 juu yake, na sahihi yangu pembeni. Kazi safi. Nimelala vizuri mchana.

Jumatatu, 25 Agosti

Nilivaa tai. Mbuyu, Mignonne nami tulifika kwa Masista saa mbili.

Sista Adèle aliipokea buletini, akaisoma. Kisha akaweka kidole kwenye mstari wa chini kabisa, ule wa herufi ndogo. Naujua mstari huo. Unasema kwamba buletini yenye mfuto, au yenye maandishi juu ya maandishi, haina thamani. Kwa mstari huo nimewaliza wazazi katika wilaya tatu.

Nilimweleza kwamba huu si mfuto. Ni sahihisho. Akauliza ni nani aliyesahihisha. Nikatazama dirishani. Nilisema 72 ndiyo jumla sahihi. Akajumlisha, akakubali kwamba ndiyo sahihi, akanirudishia buletini.

Nilimwambia, labda kwa sauti ya juu kidogo, kwamba sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya watu kama mimi. Nani amemfundisha kuitumia hivi?

"Ni weye, Tata," akasema. "Ulitukagua mwaka wa tisini na nane. Ulikatala buletini makumi ine kwa siku moja. Miye njo nilizibeba."

Nakala mpya lazima itoke Musumba. Orodha inafungwa kesho. Kutoka hapa hadi Musumba na kurudi kwa siku moja, hata kunguru hawezi.

Tulirudi kwa pikipiki moja. Tulipofika Mbuyu alisema neno moja tu: "Tata." Lakini alilisema kwa urefu.

Mignonne alikuja mlangoni pangu. Nilimtania, nikamwita mke wangu. Hakutania. Alieleza kwamba bila buletini hakuna shule itakayompokea, na wenzake watasonga mbele. "Kambo," akasema, "ile mwaka ni yangu."

Niliandaa jibu baadaye, zuri sana, lakini alikuwa amelala.

Jumatano, 27 Agosti

Mama Kapinga hakunilaumu. Mkwe hamlaumu mkwe. Alikuja tu, akakaa, akatoa simu, akapiga Musumba mbele yangu kwa sauti ya kusikika hadi soko la Dilala. Mwalimu wa huko ataandika nakala. Dereva wa lori la mihogo ataibeba. Kisha akampigia Prefe Jeancy. Nyota ya Shaba watamfanyia Mignonne mtihani, na nakala wataingoja hadi Jumatatu, siku ya kwanza ya masomo, saa mbili asubuhi. Baada ya hapo nafasi yake atapewa mwingine.

Mtihani umefanyika leo. Nilisimama nje ya uzio. Wengine walitoka wakilia kwa sababu ya hesabu. Yeye alitoka na vumbi la kijani la mawe ya shaba kwenye vidole. Amekuwa wa kwanza kati ya watoto thelathini na wanane.

Mbuyu amesema basi, ni hiyo. Sasa limebaki lori tu.

Ijumaa, 29 Agosti

Lori halijafika. Sikuweza kukaa. Nilikwenda kando ya barabara tangu saa moja asubuhi. Malori mia moja na arobaini na mawili, yote ya shaba. La mihogo, hakuna.

Saa nane Mama Kapinga alinikuta pale. Akatandika kitenge, akakaa, akanipa karanga. Mignonne alikuja mara tatu, akaangalia barabara, akarudi nyumbani bila kutuuliza. Mara ya nne hakuja.

Jua lilipoinama, Mama Kapinga akasema: "Tata, weye na miye tunapenda mutoto moja."

Nilikaribia kumwambia habari ya viti vyenye mikono. Nikala karanga.

Jumamosi, 30 Agosti

Nakala imefika! Dereva aliileta saa tatu, ndani ya gunia, imefungwa kwa plastiki. Aliipokea Mama Kapinga, akampa Mignonne mkononi. Mignonne akaondoka mbio nayo. Tshilombo alimwona kwenye kibanda cha fotokopi, sijui alifuata nini huko.

Baada ya robo saa aliniletea nakala yangu niikague. Aliitoa kwa mikono miwili, pamoja na rula na ile kalamu nyekundu. "Bwana yangu, angalia kama iko muzuri." Nilifurahi. Mtoto huyu anajua kuomba radhi.

Hisabati: 72. Barua ya malalamiko niliyowapelekea Musumba wiki iliyopita imesaidia. Lakini tarehe! Wameandika 31 Juni. Juni haina siku hiyo, hata Musumba. Nilikata kwa mstari mmoja ulionyooka, nikaandika 30, sahihi pembeni. Dakika mbili. Kazi safi.

Naandika pia, kwa kumbukumbu, kwamba mambo yanaporomoka. Karatasi ilikuwa nyepesi. Muhuri ulikuwa mweusi. Siku hizi hata wino wa zambarau umewashinda. Na ilikuwa bado ina joto. Safari ndefu, jua kali.

Mignonne aliitazama kazi yangu, akasema hajaona mstari ulionyooka namna hiyo. Akaniomba niifungie mwenyewe kabatini hadi Jumatatu, kwa usalama. Mama Kapinga alikuwa mlangoni, kitenge mdomoni, akikohoa hadi machozi. Nimemwambia anywe maji. Vumbi la barabarani si jambo la mchezo kwa mtu wa umri wake.

Kwa hiyo wameniamini tena. Jumatatu nitampa Prefe Jeancy buletini hiyo kwa mkono wangu, nami nitamwuliza kuhusu viti vya siku ya zawadi.

Mdogo wake Mignonne, Kisimba, yuko darasa la tano. Nimemwambia aniletee buletini yake kesho.