Mzee Aldert, Usiifute Bodi Yetu

Jumatatu, 4 Machi

Leo moyo unanienda mbio kama nimepanda mlima. Careen wangu ana vita na mzee mmoja wa Ulaya. Anaitwa Aldert. Hawajawahi kuonana, wanaandikiana tu kwenye kompyuta.

Naandika nilivyoelewa, maana niliishia darasa la nne na mambo yakikaa kichwani yanachanganyika. Mashine yangu ya kutotolesha vifaranga, lile boksi la mbao la stoo, ina bodi ndani. Bodi ni kompyuta ndogo ya zamani, ukubwa wa kiganja. Careen aliitoa kwenye vitu vilivyotupwa chuoni kwao. Ndiyo inayowasha taa mayai yakipoa, na feni yakipata joto. Ili ijue kufanya hivyo inahitaji kitu Careen anakiita kiini. Nikamwuliza, kiini kama cha yai? Akacheka. Akasema ndiyo mama, bila hicho ni ganda tu.

Kiini kinaandikwa na watu wa dunia nzima, na kila baada ya muda wanakiandika upya. Ndani yake kila bodi ina kipande chake. Kipande cha bodi yetu kimezeeka. Kompyuta ikijaribu kuunda kiini kipya, inakwama hapo hapo. Sasa huyu Mzee Aldert, mlezi wa vipande vya bodi za zamani, ameandika kwamba kipande hicho hakiundiki, na hakuna aliyelalamika, kwa hiyo hakuna anayekitumia. Ijumaa anakifuta.

Hakuna anayekitumia! Na mayai yangu yamebakiza siku chache yapasuke!

Careen amemjibu kwamba yeye anakitumia na atakitengeneza. Mzee kasema sawa, mpaka Ijumaa jioni, na asione kosa hata moja. Mwaka mzima mtoto amehangaika na bodi ile. Kila Jumapili watu wananiuliza tangu amalize chuo ameajiriwa wapi. Kazi hii ikipokelewa, jina lake litaandikwa mle ndani, lisomwe hadi huko kwenye theluji. Ikifutwa, mdomo wa Mama Praygod sitauweza.

Mama Praygod ni jirani yetu hapa Maisaka, ana duka. Praygod wake yuko ofisini Arusha, anavaa tai hata Jumamosi. Leo kaniuliza mbele ya wateja kama kuku wetu wamepunguzwa kazini, maana anasikia siku hizi anayeatamia ni kompyuta.

Nimeamua. Nitamsaidia mtoto wangu. Namna gani sijui, lakini nitamsaidia.

Jumanne, 5 Machi

Asubuhi kompyuta ilijaa mistari myekundu kama kitambaa cha Pentekoste. Kila mstari ni kosa. Nikashika kichwa. Careen akasema usiogope mama, rekebisha la juu kwanza, mengi ya chini ni watoto wake. Akaongeza mstari mmoja tu pale juu, na kweli, nusu ya wekundu ukapotea. Nikapiga makofi.

Nikamwuliza makosa yanatoka wapi, na zamani kilikuwa kinafanya kazi. Akanieleza kwa upishi. Wenye kiini wamebadilisha majina ya vyombo. Walichokiita kijiko sasa wanakiita mwiko. Kipande chetu bado kinaagiza kijiko. Mpishi anatafuta kijiko jikoni, hakioni, anagoma. Sasa yeye anapita kila mahali anabadilisha vijiko. Jamani, hata mimi ningefanya kazi hiyo.

Mpango wa kwanza: utulivu. Jogoo nimemfungia kwa Baba Careen kwenye shamba la Singe. Nikaenda kumwomba Mama Praygod apunguze muziki wa dukani. Akaniambia mwenzangu, kompyuta ina masikio? Akaongeza sauti.

Mpango wa pili ndio ulioniponza. Careen aliiacha kompyuta inaunda akaenda sokoni. Ikaanza kunguruma. Nikaigusa, inachemka kama mtoto mwenye malaria. Nikaona hapana, hata ng'ombe wa kulima anafunguliwa nira. Nikaifunga vizuri, nikailaza, na waya wake wa umeme, kwenye sakafu ya stoo palipo na ubaridi, nikaifunika khanga.

Kumbe ikifungwa inalala. Kazi ya asubuhi nzima ilisimama pale pale. Careen akarudi. Aliitoa khanga, akaikunja, akanirudishia. Afadhali angenifokea.

Nimempikia loshoro, mahindi kwa maziwa ya mgando. Kala kidogo.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata wazo na ni kubwa. Sijui kwa nini wasomi hawakuliona.

Huyu Aldert ni mzee. Mzee akikukasirikia huendi mwenyewe kubishana naye juu ya vijiko. Unatuma mtu. Anafika, anaamkia, anauliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, na mwishoni kabisa, akiwa amekaa vizuri, ndipo anagusia kilichomleta. Na haendi mikono mitupu. Sasa Careen wangu kamwandikia mzee wa watu moja kwa moja, bila hata shikamoo. Nani angekubali?

Mshenga nimempata. Fundi Severini, anayetengeneza redio pale stendi. Kiingereza anakijua, kakisoma miaka yote kwenye maboksi ya redio. Careen alipokwenda Nangara kufuata mtandao wenye nguvu kwa rafiki yake, alikwenda na simu tu; kompyuta ya kazi akaiacha hapa, imewaka, barua ya mzee iko wazi. Mimi sikuomba, ilijiweka yenyewe.

Nikasema, Severini akaandika. Shikamoo mzee. Habari za huko. Ng'ombe wanaendeleaje, na magoti, maana baridi ya kwenu tunaisikia. Huku Babati mvua imechelewa lakini tunamshukuru Mungu. Mimi ni mama yake Careen. Mtoto ana haraka lakini hana dharau. Bodi tunaitumia, mashahidi ni mayai. Usiifute. Ukipita Babati jogoo wako yupo, amefungwa Singe kwa sababu ya kazi hii hii. Tukaweka na picha: mimi na kitenge cha jumuiya, mashine, na bodi imetoa ulimi wake wa waya.

Severini alitaka barua iwe na mwisho wa heshima kama za kiofisi, akaongeza mistari miwili aliyoijua vizuri. Kulikuwa na sehemu mbili za kubonyeza, moja ya kumjibu mtu mmoja na nyingine ya kuwajibu wote. Nikamwambia bonyeza ya wote, mzee hakai peke yake.

Nimetulia. Nimelala mchana kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Alhamisi, 7 Machi

Wote, kumbe, ni kila anayeandika kiini duniani. Wote.

Careen ameiona asubuhi. Akakaa chini kwenye sakafu. Akasema mama, umewauliza wataalamu wa dunia nzima habari za magoti yao. Nikasema si vibaya. Akasema na barua imemalizia kwa kuwaambia wahifadhi mahali pakavu, na waweke mbali na watoto. Hapo nikamwelewa Severini na heshima yake ya kiofisi. Mtoto alijifunika uso na daftari. Nilitamani ardhi ipasuke initangulize mimi, halafu Severini.

Kabla ya chai jibu likaingia. Careen akasoma akiwa anachungulia kwa jicho moja. Mzee Aldert anasema ng'ombe hana, ila kaka yake anao na wako salama. Anasema amelea vipande hivyo tangu nywele zikiwa nyeusi, ameulizwa mengi, hajawahi kuulizwa habari za magoti. Ni mabaya, asante. Halafu kuna mwanamume wa Peru kaandika kwamba na yeye anayo bodi hiyo, inamfungulia maji shambani, alikuwa anaona haya kusema. Na mama mmoja wa Poland, kwenye chumba cha jibini.

Mzee akamaliza: basi bodi ina watu wake. Lakini Ijumaa ni Ijumaa. Kosa likibaki moja, nafuta.

Careen akaliweka daftari chini. Akasema umenitia aibu, na umenisaidia, na usirudie. Limebaki kosa moja tu. Nikamwuliza ni kijiko gani tena. Akasema hapana, hili ni la kuzima feni. Zamani feni ikizimwa ilitakiwa irudi kutoa taarifa. Sasa wazee wa kiini wamekataa. Ukizimwa, zimika, usirudi na maneno. Nikawaona wana busara. Nikamfikiria Mama Praygod.

Mchana mvua ikaja kwa fujo, umeme ukakatika. Nguzo imeanguka, watu wa umeme hawajui watarudisha lini. Kompyuta ya Careen betri yake ilishakufa, bila umeme haisimami. Tuna betri moja ya sola. Inabeba mashine ya mayai au inabeba kompyuta. Vyote haibebi.

Careen akaanza kuunganisha mashine. Akasema mayai kwanza mama, ni jasho lako, mimi nitapata kazi nyingine. Alisema huku hanitazami. Nikamwambia toa waya huo. Akasema mama. Nikasema Careen, toa.

Kuku wanaoatamia mtaa huu anao mtu mmoja. Nikayapanga mayai kwenye beseni, nikayavika sweta ya Baba Careen, nikavuka barabara kwenye tope, mvua inanipiga mgongoni. Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Nilipofika nikaliweka beseni juu ya kaunta. Mama Praygod akatazama beseni, akatazama miguu yangu. Akasema eti kompyuta imechoka kukaa? Nikasema imechoka. Akacheka mpaka akashika kaunta. Halafu akafunga duka, akaja na taa, tukaanza kuwaingizia kuku wake mmoja mmoja, taratibu, yeye ananong'ona nao kama wagonjwa. Yaliyozidi akayaweka karibu na jiko.

Ijumaa, 8 Machi

Umeme bado. Careen amebadilisha lile la feni, akaanza kuunda upya kuanzia mwanzo. Betri inashuka. Nimemzuia Baba Careen kuchaji simu. Akasema anasubiri simu ya mtu wa mbegu. Nikamwambia mbegu zilikuwepo kabla ya simu.

Nilikaa mlangoni na rozari. Maandishi yanapita kwenye kioo, meupe, meupe. Kila ukija wekundu kidogo nashtuka, Careen anasema huo ni mwanga wa dirisha mama. Sikwenda Njia ya Msalaba, vituo vyote nimevipitia hapo hapo kwenye kizingiti.

Kompyuta ikanyamaza. Nikadhani imekufa. Careen akasema kwa sauti ndogo, imeisha. Hakuna jekundu. Akachomeka bodi, akaipa kiini kipya, kisha akahamishia betri kwenye mashine. Taa ya mashine ikawaka. Akaipulizia hewa ya moto kwa kikausha nywele cha betri, tukasubiri, na feni ikazunguka. Akaizima. Ikazimika na haikurudi na maneno.

Akairudisha betri kwenye kompyuta, akatuma. Jua lilikuwa bado halijazama jibu lilipokuja. Kipande kimepokelewa. Na Mzee Aldert ameuliza, kwa kuwa magoti yake ndiyo hayo, kama Careen atakubali kuandikwa yeye kuwa mlezi wa kipande cha bodi hii. Careen alilisoma mara tatu, akaniwekea kichwa begani kama alivyokuwa akifanya akitoka kuchomwa sindano. Mlezi! Mtoto wangu, mbele ya dunia!

Nilipiga vigelegele, Kwaresima na yote. Mama Praygod akaja mbio na khanga kichwani, akidhani ni mayowe ya msiba. Nilipomweleza akasema hongera, mwanangu Careen. Akasema kweli, kwa sauti ya kweli. Halafu akauliza mshahara ni kiasi gani.

Jioni Careen aliniapisha mbele ya picha ya Bikira Maria kwamba sitagusa tena kompyuta yake wala kumwandikia mtu yeyote wa kiini. Nimeapa. Mkono juu. Nimejifunza sana wiki hii.

Jumamosi, 9 Machi

Vifaranga vimetoka! Karibu vyote, vikavu, vina kelele kama soko la mnada. Nilikwenda na beseni langu kuvichukua.

Mama Praygod amekataa. Anasema mtoto ni wa aliyemzaa, na hawa wamezaliwa chini ya kuku wake, kwake, kwa joto lake. Anawaambia wateja kompyuta ilishindwa, kuku wakaokoa jahazi. Nikamwambia kompyuta imewalea tangu siku ya kwanza, kuku wake wamepokea tu mwishoni kama mkunga, na mkunga haondoki na mtoto. Wateja wakagawanyika. Muuza nyanya yuko upande wangu. Baba Careen anasema tugawane nusu kwa nusu tupate usingizi. Huyo hajui maana ya haki.

Kesi hii inataka mtu mzima asiye na upande. Asiyeijua Maisaka. Mwenye msimamo, ambaye akisema Ijumaa, ni Ijumaa. Na anayeielewa bodi ilifanya nini na ilifanya kwa muda gani.

Jumatatu Careen anarudi Nangara. Kiapo ni kiapo, kompyuta sitaigusa hata kwa kidole. Severini hakuapa.